Besi ya Nyuzi Tano Kutoka Karakana Ndogo: Shajara ya Mradi

Februari: makubaliano

Kianzio kimelipwa. Ni besi (gitaa la noti za chini) ya nyuzi tano, ya kuagiza, kwa fundi anayefanya kazi na msaidizi mmoja tu. Foleni yake ni ndefu, lakini kilichonivuta kwake ni kwamba aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Alitaka video ya mikono yangu nikipiga. Alitaka kujua kama napiga nimekaa au nimesimama, mkanda wa begani nauvaa juu au chini, na kidole gumba cha mkono wa kulia nakiegemeza wapi. Muuza duka angeniuliza rangi.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya urefu wa nyuzi, yaani kutoka kwenye kipande cha mfupa kinachozishika kichwani hadi kwenye daraja linalozishika mwilini. Mtengeneza magitaa Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision Bass mwaka 1951 alitumia inchi 34, na kipimo hicho ndicho kilichobaki kuwa cha kawaida. Tatizo ni uzi wa tano. Uzi wa noti ya E hutoa mitetemo 41.2 kwa sekunde (Hz), ule wa B chini yake hushuka hadi 30.87 Hz, na ukilegea kidogo tu unaguruma bila noti kusikika. Ndiyo maana besi nyingi za nyuzi tano zina inchi 35. Mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla hatujazungumza.

Fundi akaniwekea hesabu mezani. Uzi uleule, noti ileile, mvutano hupanda kwa mraba wa urefu. Ukitoka 34 kwenda 35 unapata nyongeza ya asilimia 6 hivi. "Asilimia sita utaipata kwa kubadilisha unene wa uzi," alisema, "ila vidole vyako vitalipia hiyo inchi kila siku." Tumekubaliana inchi 34, uzi wa B wenye unene wa inchi .130, na kiungo cha shingo na bodi kibane vizuri. Bado kuna watu wataniambia nimedanganywa. Acha waseme, tutausikia uzi wenyewe.

Mengineyo: bodi ya alda, shingo ya mepo ya vipande vitatu iliyofungwa kwa skrubu tano, ubao wa vidole wa mpingo, pikapu mbili (vinasa mtetemo wa nyuzi), na saketi ya kuongeza nguvu inayotumia betri ya volti 9. Nusu ya bei imelipwa, nusu ya pili ni kabla ya kutuma. Usafirishaji ni DAP, maana yake yeye ndiye anayemlipa mchukuzi hadi mlangoni kwangu na gharama hiyo inaingia kwenye bei ninayolipa, ushuru na kodi za kuingiza ni juu yangu moja kwa moja.

Aprili: mbao

Picha zimeanza kuja. Shingo imegundishwa na imelazwa ipumzike kabla ya kuchongwa, jambo linalofanya viwanda vikubwa vione wivu au vicheke, sijui lipi. Ndani kuna nondo ya kurekebisha mpindo na fimbo mbili za kaboni kando yake. Ubao wa mpingo ni mweusi tititi, na mstari mmoja wa kahawia karibu na freti (kipande cha chuma kinachogawa noti) ya tatu ambao fundi aliniuliza kama naukubali. Naukubali kabisa. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ukipigwa msasa hadi mwisho hauhitaji rangi wala vanishi.

Juni

Pikapu zimechelewa kwa anayemtengenezea. Hakuna la kuandika.

Agosti: besi imekwisha, swali la boksi limeanza

Imekamilika. Kilo 4.1 kwenye mzani, na picha inaonyesha ikisimama yenyewe begani bila kichwa kuvuta chini. Nimesikiliza rekodi aliyoipiga kupitia amplifaya ya kawaida na nikairudia kusikiliza mpaka nyumba nzima ikachoka. B inasema noti. Haigurumi.

Sasa tumehamia kwenye jambo ambalo lilipaswa kuwa jepesi.

Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi kwa kilo za mzani peke yake. Wanapima boksi, wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, na jibu ndilo linaloitwa uzito wa ujazo. Kati ya huo na uzito wa mzani, unalipia ulio mkubwa. Besi ndani ya kasha gumu, ndani ya boksi lenye nafasi ya sponji pande zote, inataka boksi la kama 132 kwa 48 kwa 24. Hiyo ni kilo 30.4 za ujazo. Mzani utasoma 11. Kwa maneno mengine nitalipia usafiri wa hewa na sponji kwa karibu theluthi mbili ya bei.

Nilimwandikia: kwa kuwa shingo ni ya skrubu, tuitoe. Besi iliyotenganishwa inaingia kwenye boksi la 100 kwa 45 kwa 18, na hesabu inashuka hadi kilo 16.2. Faida ya pili ni usalama. Ajali inayovunja magitaa mengi njiani ni boksi kuanguka likiwa limesimama au kulala chali: kichwa chenye funguo za chuma za kukazia nyuzi kinaendelea kwenda wakati mwili umeshasimama, na mbao inakatika penye shingo nyembamba, mara nyingi bila hata mkwaruzo kwenye boksi. Shingo iliyolazwa kando ya bodi, ikiwa imezungushiwa sponji urefu wote, haina cha kuirusha.

Alikataa, kwa upole lakini kwa msimamo. Mfuko wa shingo, yaani tundu la bodi linaloipokea, ameuchonga ubane hata bila skrubu, ameshaisetia besi jinsi alivyotaka iwe, na hataki mtu mwingine aifunge. Nilimwelewa. Mtu anayehesabu unene wa lakari (vanishi ngumu ya juu) kwa sehemu za milimita hawezi kufurahia wazo la mimi na bisibisi yangu. Akasema badala yake atatengeneza sanduku la mbao kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna kitakachopenya.

Agosti mwishoni: karatasi

Niliomba nione ankara kabla haijagongwa muhuri. Ilikuwa na mambo mawili.

La kwanza, bei iliyoandikwa ilikuwa nusu ya pili tu, kwa sababu kwa vitabu vyake ndiyo iliyokuwa imebaki kulipwa. Kwa hesabu za karakana ni sahihi. Kwa forodha ni balaa. Forodha hutaka bei kamili iliyolipwa au itakayolipwa, na ofisa akikuta besi ya kuchongwa kwa mkono ina bei ya besi ya kiwandani ataomba uthibitisho wa malipo, na mzigo unakaa ghalani hadi upatikane. Zaidi ya hapo, bima hulipa kwa thamani iliyotangazwa. Ukitangaza nusu, ukivunjikiwa unalipwa nusu. Amerekebisha: bei kamili, mstari wa kianzio, mstari wa salio, na tarehe za malipo yote mawili.

La pili, namba ya bidhaa, ile ambayo forodha huitumia kupanga ushuru. Aliandika 9202.90, ambako ndiko yanakokaa magitaa ya kawaida na ala nyingine za nyuzi. Besi ya umeme haikai huko. Ala ambazo sauti yake hutolewa au lazima ikuzwe kwa umeme ziko 9207, na hii yetu ni 9207.90. Kiwango cha ushuru cha namba hizo mbili kinaweza kutofautiana kulingana na nchi, lakini hata kikilingana, maelezo yanayosema "gitaa la besi la umeme" na namba inayosema kitu kingine ni mwaliko wa kufunguliwa boksi. Kasha gumu halina haja ya namba yake. Likiwa limetengenezwa kwa umbo la ala na limesafiri nalo, linahesabiwa pamoja na ala.

Kisha mpingo. Hapa nilikuwa na wasiwasi kuliko kote, kwa sababu mpingo ni *Dalbergia melanoxylon*, na jenasi nzima ya Dalbergia iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Miaka ile mafundi wadogo walitaabika sana. Kipande cha ubao wa vidole kilihitaji kibali cha kutoka, na mara nyingine kibali cha kuingia, kana kwamba unasafirisha gogo. Wengi waliacha kabisa jamii hiyo ya mbao wakahamia kwenye miti mingine. Mkutano wa Geneva wa 2019 ulilegeza: tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, vipuri vilivyokamilika na vifaa vyake havihitaji vibali hivyo. *Dalbergia nigra* ya Brazili haimo kwenye msamaha huo, iko Kiambatisho cha I tangu 1992. Kwa hiyo tumeandika jina la kisayansi kwenye ankara, na neno "ala iliyokamilika" kando yake. Mtu akiona "rosewood", jina la Kiingereza la mbao za Dalbergia, bila jina la kisayansi ana haki ya kuuliza, na kila swali hula siku za ghala.

Septemba: sanduku

Picha ya sanduku imefika. Ni zuri mno. Mbao za msonobari zilizobaki karakanani, pembe zimeungwa kwa meno, vishikio viwili vya kamba, kifuniko kwa skrubu kumi na mbili. Ndani, kasha limekaa juu ya vitanda vya sponji na halitikisiki. Ndani ya kasha, nyuzi zimelegezwa nusu (nyuzi tano zikiwa zimekazwa huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 80, na zikilegezwa kabisa nondo hubaki ikivuta upande wa pili peke yake), kichwa kimeegemezwa chini na pembeni, na kipande cha kitambaa kimewekwa kati ya nyuzi na freti. Kwa upande wa ala yenyewe, sijaona ufungashaji bora zaidi ya huu. Amepiga picha kila hatua, jambo ambalo nilimwomba na ambalo nitalihitaji.

Vipimo vya nje: 140 kwa 52 kwa 28. Fanya hesabu mwenyewe. Kilo 40.8 za ujazo.

Alijaribu kwanza posta, ambako hutozwi kwa ujazo kwa namna hiyo. Vifurushi vya kimataifa vya posta vina kikomo cha mita 3 ukijumlisha urefu na mzingo wa upana na kimo. Kwa karatasi sanduku lake ni sentimita 300 kamili. Kwa tepu ya karani, vishikio vya kamba vikiwa vimetokeza, lilizidi. Likarudi karakanani, likaenda kwa kampuni ya usafirishaji wa haraka.

Huko wakauliza kuhusu betri. Betri ya volti 9 ya alkali haina masharti mazito ya lithiamu, ila lazima ncha zake zisiweze kugusana na chuma. Fundi aliitoa akaitupa, likawa limekwisha. Namba ya kufuatilia mzigo imetumwa usiku.

Jambo ambalo halionekani kwenye bei ya usafiri ni hili: nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, kisha kodi ya ongezeko la thamani inapigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kwa hiyo boksi kubwa linakutoza mara ya kwanza kwenye kaunta ya kutuma, kisha linakufuata forodhani na kukutoza tena. Zile sentimita nane za urefu, nne za upana na nne za kimo zilizoongezwa na mbao nimezilipia mara mbili.

Oktoba: limekwama

"Mzigo umezuiliwa. Tunasubiri hatua ya mamlaka." Ujumbe huo ulikaa kwenye ukurasa wa ufuatiliaji bila kubadilika. Kampuni ya usafirishaji kwa simu ilinihakikishia kwamba ni ushuru haujalipwa. Haukuwa umekadiriwa, ungelipwaje? Aliyefuata akaniambia ni kibali cha mbao. Nikatuma maelezo yote ya Dalbergia, jina la kisayansi, tarehe, kila kitu. Kimya. Wa tatu, dada mmoja aliyejua kazi yake, aliniuliza swali moja: "Kaka, hilo sanduku la nje lina muhuri wa ngano?"

Hapo nikajua. Si besi iliyozuiliwa. Ni sanduku.

Mbao ghafi za kufungashia bidhaa zinazovuka mipaka ziko chini ya kanuni inayoitwa ISPM 15. Lengo lake ni wadudu: mabuu wanaotoboa mbao husafiri ndani ya msonobari bila kuonekana, wakifika upande wa pili wanakuta misitu isiyowajua. Ndiyo maana mbao hizo hutakiwa kupashwa moto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au kutibiwa kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha kugongwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi, namba ya aliyetibu na herufi HT kwa iliyopashwa moto. Ukitazama pambizo la paleti ya mbao iliyovuka mpaka utauona. Sanduku la fundi halina. Angelitengeneza kwa plaiwudi hakungekuwa na tatizo lolote, kwa sababu plaiwudi hushinikizwa kwa gundi na joto na haihesabiwi kuwa mbao ghafi. Mbao nyembamba za milimita 6 kushuka nazo zimesamehewa. Zake zilikuwa milimita 18.

Nilimpigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizo mbao nimezikausha miaka minne karakanani." Naamini. Mdudu yeyote angekuwa ameshahama. Lakini mkaguzi wa afya ya mimea hatazami ukavu, anatazama muhuri, na kwa kweli simlaumu. Yeye anaona masanduku elfu, hawezi kumsikiliza kila seremala.

Njia zilikuwa tatu: kulirudisha lote kwa gharama zetu, kulipeleka likafukizwe dawa au likapashwe moto, au kutoa kilichomo na kuliteketeza sanduku chini ya usimamizi. Ya kwanza ni kuanza upya na kulipia kilo 40.8 mara mbili zaidi. Ya pili niliikataa pale pale. Besi iliyopakwa lakari na kuunganishwa kwa gundi huwezi kuiweka kwenye tanuri la nyuzi 56, na sitaki gesi ya kufukiza wadudu iingie kwenye saketi na pikapu. Nimechagua ya tatu, kwa maandishi, kupitia wakala wa forodha niliyemlipa mwenyewe. Nilimtaka awepo wakati wa kufungua, apige picha kasha likitoka, na kasha liwekwe kwenye boksi la karatasi ngumu la tabaka mbili.

Fundi ameniomba nimpatie picha ya sanduku kabla halijachomwa. Nimempatia.

Oktoba, mwisho wa mwezi: limefika

Boksi la pili silo nililoliomba. Ni la tabaka moja, limepungua urefu hadi kona ya kasha ilikuwa inachungulia, na nafasi iliyobaki imejazwa magazeti. Kona ya upande wa kichwa ilikuwa imebonyea ndani kama kopo lililokanyagwa. Dereva alitaka sahihi. Niliandika juu ya sahihi yangu, "Boksi limebonyea kona, yaliyomo hayajakaguliwa," nikapiga picha ya simu yake ikionyesha maneno hayo. Alikunja uso, akaondoka.

Sikulifungua kasha siku ile. Ala iliyotoka safarini huweza kuwa baridi na kavu, chumba ni joto na kina unyevu, na ukifungua ghafla mvuke unakaa kwenye lakari na kwenye chuma. Lakari ngumu na mbao zisipotanuka kwa kasi moja, lakari huweza kupasuka nyufa ndogo kama utando. Lilikaa limefungwa hadi kesho yake.

Nilichokiona, kwa mpangilio wa macho yangu. Uzi wa G ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake. Ufunguo wake, ule wa mwisho kichwani upande ambao kona ilibonyea, ulikuwa umeinama. Si ule wa kushika kwa vidole, ni mhimili wenyewe unaozungushiwa uzi, umelala upande digrii kadhaa hivi kwamba uzi ukikazwa ungepanda na kuruka. Mbao iliyouzunguka ni nzima. Kisha, kwenye kiungo cha shingo na bodi, upande wa juu, mstari mwembamba wa urefu wa ukucha.

Mstari huo ulinichukua muda. Unaweza kuwa lakari tu iliyoachia pale vipande viwili vya mbao vinapokutana, na hilo ni jambo la kawaida kwenye shingo za skrubu. Unaweza pia kuwa bodi imepasuka. Kuna namna ya kujua bila kuharibu. Nilipitisha ukucha kwa upole kukata mstari: ulidaka kidogo sana, kina sawa urefu wote. Nikaweka taa ya simu ubavuni, ikimulika sambamba na uso: mstari ulifuata mpaka wa mfuko wa shingo na kuishia hapo, haukuingia kwenye nyuzinyuzi za mbao. Mwishowe nikashika bodi kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, nikabonyeza kidogo huku nikiutazama. Haukufunguka. Nyufa za mbao hufunguka na kufumba kama mdomo, hata kwa unywele. Huu ni lakari. Nimempelekea fundi picha tatu na akasema hivyo hivyo.

Novemba: kuidai fidia

Nimeandika malalamiko siku ileile ya kufungua kasha, kwa maandishi. Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal unatoa siku 14 tangu kupokea kulalamikia uharibifu, na simu haihesabiki. Watu wengi husubiri wakidhani picha zao zinatosha.

Mkataba huo pia ndio unaoeleza kwa nini bima si anasa. Bila thamani iliyotangazwa, mchukuzi wa ndege anawajibika hadi SDR 26 tu kwa kila kilo ya mzigo, kiwango kilichoanza tarehe 28 Desemba 2024 (kabla yake kilikuwa 22). SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, si sarafu ya mfukoni. Na kilo zinazohesabiwa hapo, utashangaa, ni za mzani. Ujazo unawafaa wakati wa kutoza. Besi ya kilo chache, hata ikivunjika vipande viwili, haifiki popote kwa hesabu hiyo. Sisi tulitangaza thamani kamili, kwa hiyo tunadai ufunguo, kazi ya kuubadilisha, na marekebisho ya lakari.

Jibu lao la kwanza: ufungashaji ulikuwa hafifu. Nimewapelekea picha za fundi, moja baada ya nyingine, kisha picha za wakala za boksi lililofungwa upya ghalani kwao. Nimewauliza ni ufungashaji upi wanaouzungumzia. Jibu la pili halijaja.

Ankara ya kurekebisha uzito nayo imefika kwa fundi. Walipima sanduku upya kwa mashine wakahesabu vishikio vya kamba kama sehemu ya urefu. Amelipa bila kuniambia, nimejua kwa bahati. Nimemrudishia nusu na akakubali baada ya kubishana.

Novemba: kuisetia

Ufunguo mpya umetumwa kwenye bahasha yenye mapovu na umefika kabla hata sijaanza kuusubiri. Hakuna aliyeuliza chochote. Skrubu mbili nyuma, nati moja mbele, kazi ya muda mfupi.

Nyuzi zimekazwa hadi noti zake na kuachwa usiku mzima. Asubuhi shingo ilikuwa imepinda mbele kupita kiasi, kama nilivyotarajia baada ya kukaa ghalani muda wote ule. Unakandamiza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa pamoja, kisha unapima pengo lililobaki katikati. Nilipata zaidi ya nusu milimita. Alenkii kwenye nondo, robo mzunguko kuelekea kulia, subiri, pima tena, kidogo zaidi. Sasa iko karibu 0.3. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 ni milimita 2 upande wa G na 2.5 upande wa B. Ncha za freti nimezipapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini: hakuna inayochoma, maana yake mbao haikunywea kiasi cha kutisha.

Betri mpya ndani. Nikachomeka jeki.

Uzi wa B kwenye freti ya tano, ile E iliyo sawa na uzi wa nne ukiwa wazi, ndicho kipimo changu. Kwenye besi nyingi za nyuzi tano noti hizo mbili ni kama watu wawili tofauti, ya B ikiwa na pamba mdomoni. Hapa zinatofautiana rangi kidogo tu. Inchi 34, na wale wa inchi 35 waje wasikilize.

Desemba: yaliyobaki

Kampuni imekubali kulipa ufunguo na kazi yake, imekataa lakari kwa madai kwamba ni "uchakavu wa kawaida", kwa ala ambayo ilikuwa haijawahi kupigwa jukwaani. Nimekata rufaa nikiambatanisha picha ya kiungo hicho aliyoipiga fundi siku ya kufungasha, haina mstari. Lakari yenyewe fundi amenielekeza jinsi ya kuijaza kwa tone la gundi nyembamba na msasa mlaini, lakini sitaigusa mpaka dai lifungwe.

Freti ya 14 inanguruma kidogo chini ya uzi wa D. Nitaangalia kwa rula nikibadilisha nyuzi.

Fundi ananiambia mteja wake wa sasa yuko ng'ambo, na ameshanunua shuka mbili za plaiwudi. Amenitumia mchoro wa sanduku lake jipya. Shingo imelazwa kando ya bodi.